Martin Luther Nsibirwa

Martin Luther Nsibirwa (1883 - 5 Septemba 1945) alikuwa kiongozi wa Buganda nchini Uganda wakati wa ukoloni wa Waingereza. Alikuwa Katikkiro, yaani waziri mkuu wa ufalme wa Buganda, mara mbili: kuanzia mwaka 1929 hadi 1941, na tena kwa muda mfupi mwaka 1945. Aliuawa kwa kupigwa risasi kwenye kanisa kuu la Namirembe mjini Kampala, siku moja baada ya Lukiiko, bunge la Buganda, kupitisha sheria iliyowezesha kupatikana kwa ardhi ya kupanua Chuo cha Makerere.

Leo jina lake linajulikana hasa kwa sababu ya Nsibirwa Hall, bweni la wanafunzi wa kiume katika Chuo Kikuu cha Makerere. Kabla ya kupewa jina hilo katikati ya miaka ya 1990, bweni hilo liliitwa Northcote Hall.

Mazingira ya ujana wake

Nsibirwa alizaliwa mwaka 1883, mwishoni mwa utawala wa Kabaka (mfalme) Mutesa I, aliyefariki mwaka uliofuata. Wamisionari wa Kianglikana walikuwa wamefika Buganda mwaka 1877, na Wakatoliki wakawafuata mwaka 1879. Katika miaka ya utoto wake nchi ilipita katika vita vya kidini baina ya Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti. Waprotestanti ndio waliotoka na nguvu kubwa zaidi, na kwa miaka mingi baadaye cheo cha Katikkiro kilishikwa na watu wa upande wao. Jina la ubatizo la Nsibirwa, lililotokana na mwanzilishi wa Matengenezo ya Kiprotestanti nchini Ujerumani, laonyesha alikuwa wa upande gani.

Tarehe 10 Machi 1900 wawakilishi wa Buganda na Uingereza walitia sahihi Mkataba wa Uganda. Mkataba huo uligawa ardhi ya ufalme. Eneo la takriban maili za mraba 8,000 liligawiwa kwa machifu na watu wengine mashuhuri kama mali yao binafsi, na maili za mraba 9,000 zilizohesabiwa kuwa mapori zikawekwa chini ya serikali ya kikoloni. Ardhi ya watu binafsi iliitwa mailo, kutokana na kipimo kilichotumika kuigawa. Wenye mailo waliweza kuuza ardhi yao na kuirithisha. Kwa Waganda, mailo ikawa ukuta uliowatenganisha na hali ya Kenya, ambako walowezi wa Kizungu walichukua sehemu kubwa ya ardhi nzuri. Jambo lolote lililogusa mailo liligusa moyo wa siasa za Buganda.

Katikkiro mara ya kwanza (1929-1941)

Apolo Kagwa, aliyekuwa Katikkiro tangu mwaka 1889, alijiuzulu mwaka 1926 baada ya kugombana na maafisa wa kikoloni. Nafasi yake ilichukuliwa na Tefiro Kisosonkole. Mwaka 1929 Nsibirwa alimfuata Kisosonkole, akaitumikia serikali ya Kabaka Daudi Chwa II.

Katikkiro wa wakati ule alikaa katikati ya nguvu mbili. Alikuwa mtumishi wa Kabaka na msemaji wa Buganda mbele ya Gavana. Papo hapo aliwekwa na kuondolewa kwa idhini ya Gavana huyohuyo, na alitegemewa kutekeleza maagizo ya serikali ya kikoloni. Nsibirwa aliongoza pamoja na mawaziri wengine wawili, Omulamuzi (hakimu mkuu) na Omuwanika (mweka hazina). Omuwanika wa miaka hiyo alikuwa Serwano Kulubya. Mwaka 1931 Kulubya alitumwa London kuieleza kamati ya Bunge la Uingereza kwamba Buganda ilipinga mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Hofu ilikuwa kwamba muungano huo ungeipa sauti ya walowezi wa Kenya nguvu juu ya ardhi ya Uganda.

Katika miaka ya 1930 manung'uniko dhidi ya mawaziri yaliongezeka. Wakulima wa pamba walilalamikia bei, wafanyakazi wa mjini walilalamikia mishahara, na watu wa koo walidai kwamba ugawaji wa mailo uliwanyang'anya viwanja walikozikwa mababu zao. Mwaka 1938 kiliundwa chama cha Wana wa Kintu, kikiwa na jina la babu wa Waganda katika masimulizi yao. Miongoni mwa viongozi wake alikuwa Ignatius Musazi, ambaye mwaka 1952 alianzisha chama cha Uganda National Congress. Moja ya malengo ya Wana wa Kintu lilikuwa kumwondoa Nsibirwa katika cheo chake.

Daudi Chwa II alifariki mwezi Novemba 1939. Mwanawe Mutesa II alichaguliwa kuwa Kabaka, lakini alikuwa na umri wa miaka 15 tu, hivyo mawaziri watatu wakawa walezi wa kiti chake: Nsibirwa, Kulubya, na Omulamuzi.

Ndoa ya Namasole na kujiuzulu

Mwaka 1941 mama wa Kabaka, Irene Drusilla Namaganda, alitaka kuolewa tena. Yeye alikuwa na cheo cha Namasole. Kwa desturi ya Kiganda, Namasole haolewi tena baada ya Kabaka kufariki, na mtu aliyetaka kumwoa, Simon Peter Kigozi, hakuwa wa ukoo wa kifalme. Kwa upande wa kanisa, mjane Mkristo alikuwa na haki ya kufunga ndoa. Askofu Cyril Stuart wa Kanisa la Kianglikana aliikubali ndoa hiyo, na Nsibirwa akaiunga mkono.

Ndoa ilifungwa, na ghadhabu ikaenea Buganda nzima. Namaganda alivuliwa hadhi ya Namasole. Waliokuwa wakimpinga Nsibirwa tangu zamani walipata sababu ambayo hata watu wasiojali siasa waliielewa: Katikkiro, mlinzi wa heshima ya Kabaka, alikuwa ameruhusu desturi ya ufalme ivunjwe. Nsibirwa alilazimika kujiuzulu mwaka huohuo, na Samuel Wamala akawa Katikkiro.

Suala la ardhi ya Makerere

Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, juu ya kilima cha Makerere mjini Kampala. Mwaka 1937 tume iliyoongozwa na Lord De La Warr ilipendekeza shule hiyo igeuzwe kuwa chuo cha elimu ya juu kwa Afrika Mashariki yote. Wanafunzi walikuwa wakija kutoka Kenya, Tanganyika na Zanzibar pia. Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, na Mutesa II mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa chuo hicho kabla ya kwenda Cambridge. Wanawake wa kwanza walipokelewa mwaka 1945.

Chuo kilihitaji nafasi ya madarasa, nyumba za walimu na mabweni, na kilima hakikutosha bila kupata ardhi zaidi ya Buganda. Serikali ya kikoloni ilitaka ardhi pia kwa kituo cha utafiti wa pamba huko Namulonge. Kwa kuwa ardhi ya mailo ililindwa na sheria za Buganda, ilibidi Lukiiko ipitishe sheria ya kuruhusu ardhi ichukuliwe kwa kazi zenye manufaa kwa umma.

Wengi katika Lukiiko walikataa. Hoja yao haikuwa kwamba elimu ni mbaya. Waliogopa kwamba sheria ikishapita kwa ajili ya chuo, kesho itatumika kwa ajili ya walowezi, na kwamba chuo cha nchi zote tatu kilikuwa mlango wa nyuma wa muungano wa Afrika Mashariki ambao Buganda iliukataa mwaka 1931. Wamala, akiwa Katikkiro, alisimama upande wa waliokataa.

Machafuko ya mwaka 1945 na kurudi madarakani

Mwezi Januari 1945 wafanyakazi waligoma Kampala na sehemu nyingine za Uganda wakidai nyongeza ya mishahara. Wakati wa vita bei za bidhaa zilikuwa zimepanda, na mishahara haikuzifuata. Mgomo uligeuka kuwa machafuko, na watu kadhaa waliuawa. Moja ya madai ya waandamanaji lilikuwa Kulubya ajiuzulu, naye akajiuzulu.

Gavana mpya, John Hathorn Hall, aliona kwamba nyuma ya mgomo kulikuwa na siasa za ndani ya serikali ya Buganda. Mwaka huohuo Wamala alilazimika kuacha cheo chake, na Nsibirwa akarudishwa kuwa Katikkiro. Alikuwa na umri wa miaka 62 hivi.

Kurudi kwake kulikuwa na ugumu wa aina mbili. Waliompenda Wamala walimwona Nsibirwa kuwa mtu aliyewekwa na Gavana. Na kazi iliyomngojea mezani ilikuwa ileile iliyomshinda mtangulizi wake kuikubali, yaani sheria ya ardhi. Nsibirwa alikubali kuipeleka mbele ya Lukiiko. Tarehe 4 Septemba 1945 sheria ilipitishwa.

Kifo

Asubuhi ya tarehe 5 Septemba 1945 Nsibirwa alikwenda kwenye ibada katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo kwenye kilima cha Namirembe. Kanisa hilo lilijengwa kati ya miaka 1915 na 1919, baada ya jengo lililotangulia kuteketea kwa moto wa radi mwaka 1910, na ndilo lililokuwa makao makuu ya Waanglikana wa Uganda. Alipigwa risasi hapo kanisani, akafa.

Serikali ya kikoloni ilijibu kwa ukali. Mbali na kesi ya mauaji, watu kadhaa walioonekana kuwa wapinzani wa serikali walihamishwa na kupelekwa mbali na Buganda bila kufikishwa mahakamani, akiwemo Wamala. Nafasi ya Katikkiro ilichukuliwa na Michael Kawalya Kagwa, mwana wa Apolo Kagwa. Sheria haikufutwa, na Makerere ilipata ardhi yake.

Mzozo haukuisha kwa kifo hicho. Mwaka 1949 Buganda ilikumbwa tena na machafuko, na nyumba za machifu wengi walioonekana kuwa karibu na serikali zilichomwa moto. Mwaka 1953 Mutesa II mwenyewe alipelekwa uhamishoni Uingereza na Gavana Andrew Cohen, baada ya mvutano ambao chanzo chake kilikuwa tena hofu ya muungano wa Afrika Mashariki.

Northcote Hall

Baada ya vita Makerere ilipanuka haraka. Mwaka 1949 ilikuwa chuo kikuu kishiriki kikitoa shahada za Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Dar es Salaam, na mwaka 1970 ikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Maisha ya wanafunzi yalijengwa juu ya mabweni. Kila mwanafunzi alikuwa wa bweni fulani, akila hapo, akicheza michezo kwa jina lake na kuchagua viongozi wake.

Mabweni ya kwanza yalipewa majina ya Waingereza. Mitchell Hall ilipewa jina la Philip Mitchell, gavana wa Uganda kuanzia 1935 hadi 1940. Livingstone Hall ilipewa jina la mpelelezi David Livingstone. Bweni la wanawake, Mary Stuart Hall, lilipewa jina la mke wa Askofu Cyril Stuart, ambaye alitetea elimu ya juu ya wanawake.

Northcote Hall ilipewa jina la Geoffry Northcote, aliyekuwa mwenyekiti wa baraza la chuo katika miaka ya 1940. Northcote alianza kazi ya ukoloni Kenya mwaka 1904. Mwezi Januari 1908, akiwa afisa wa serikali huko Kisii, alichomwa mkuki na Otenyo Nyamaterere, kijana wa Kigusii aliyehamasishwa na nabii wa kike Moraa Ngiti kupinga utawala wa Waingereza. Northcote alipona. Jeshi la kikoloni lilituma msafara wa adhabu uliochoma nyumba, kuchukua mifugo na kuua watu wengi, na Otenyo aliuawa. Northcote aliendelea kupanda vyeo hadi kuwa gavana wa Guyana ya Kiingereza na kisha wa Hong Kong, kuanzia 1937 hadi 1941. Alifariki mwaka 1948.

Hivyo, baada ya Nsibirwa kuuawa kwa ajili ya ardhi ya Makerere, jina lililowekwa juu ya bweni lilikuwa la mwenyekiti wa baraza. Hali hiyo ilidumu hata baada ya uhuru wa mwaka 1962. Mabweni mengine yalipata majina ya Kiafrika, kama vile Lumumba Hall na Nkrumah Hall, lakini Northcote ilibaki na jina lake.

Wakati huo wakazi wa bweni walikuwa wamelifanya jina hilo kuwa lao. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni na ya mwanzo ya uhuru lilisifika kwa michezo ya kuigiza katika mashindano ya mabweni. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma Makerere kuanzia 1959 hadi 1964, alikuwa mkazi wa Northcote na aliandika michezo mifupi kwa ajili ya mashindano hayo.

Miaka ya baadaye Northcote ilijulikana zaidi kwa mtindo wa kijeshi. Viongozi wa wanafunzi wa bweni walijipa vyeo vya jeshi, wageni wa mwaka wa kwanza walifundishwa kutii amri na kuimba, na wakazi walijiona kuwa askari wa mbele katika kila mgomo. Miaka ya mwanzo ya 1990 ilikuwa na migomo mingi Makerere, kwa sababu serikali ilikuwa ikipunguza posho na kuanza kuwadai wanafunzi wachangie gharama. Mwezi Desemba 1990 wanafunzi wawili waliuawa kwa risasi polisi walipotawanya mgomo.

Kubadilishwa kwa jina

Katikati ya miaka ya 1990, baada ya vurugu zilizohusisha wakazi wa Northcote, uongozi wa chuo ulivunja utaratibu wa zamani wa bweni hilo na kubadilisha jina lake kuwa Nsibirwa Hall. Ufalme wa Buganda, uliokuwa umefutwa na serikali ya Milton Obote katika miaka ya 1966 na 1967, ulikuwa umerudishwa mwaka 1993 kwa kutawazwa kwa Kabaka Ronald Mutebi II. Ofisi ya Katikkiro nayo ilikuwa imerudi.

Kwa namna hiyo Nsibirwa alipata kumbukumbu ndani ya Makerere takriban miaka 50 baada ya kufa kwake. Lakini jina lake liliingia bwenini kama sehemu ya adhabu, na wakazi wengi hawakulipokea kwa furaha. Waliendelea kujiita watu wa Northcote, na jina hilo la zamani bado linasikika katika nyimbo na salamu za wanafunzi na za wahitimu. Kwao, kulitetea jina la Northcote hakukuwa kumtukuza afisa wa kikoloni. Wengi wao hawakumjua kabisa. Lilikuwa jina la undugu wao.

Familia

Nsibirwa alikuwa na watoto wengi, na alijulikana kwa kuwapeleka shule wasichana sawa na wavulana. Binti yake Rhoda Kalema, aliyezaliwa mwaka 1929, alisoma Gayaza na King's College Budo, kisha akapata mafunzo ya ustawi wa jamii nchini Uingereza. Mume wake William Kalema, aliyekuwa waziri katika serikali ya Obote, alitekwa mwezi Januari 1972 wakati wa utawala wa Idi Amin na hakuonekana tena. Rhoda Kalema aliingia katika siasa baada ya Amin kupinduliwa mwaka 1979, akawa naibu waziri, na baadaye mjumbe wa Bunge la Katiba lililoandika katiba ya mwaka 1995. Binti mwingine, Gladys Wambuzi, alikuwa mwalimu na mwanzilishi wa shule za Greenhill mjini Kampala.

Tathmini

Watu wa wakati wake walimtazama Nsibirwa kwa macho mawili tofauti. Kwa wapinzani wake alikuwa mtu aliyerudishwa na Gavana ili atoe ardhi ambayo mtangulizi wake alikataa kuitoa. Kwa wanaomtetea alikuwa kiongozi aliyeona kwamba chuo kikuu kingewafaa watoto wa Buganda na wa nchi jirani kuliko mashamba yaliyochukuliwa. Hofu ya wapinzani haikuwa ya bure, kwa kuwa ukoloni wa Kenya ulikuwa mfano wa karibu. Hata hivyo ardhi iliyopatikana Makerere haikuenda kwa walowezi. Walioitumia ni wanafunzi wa Afrika Mashariki, wakiwemo Benjamin Mkapa wa Tanzania na Mwai Kibaki wa Kenya, ambao baadaye walikuwa marais wa nchi zao.